Kifaa cha Mama Mfukoni: Kutoka Muthara Hadi Kiambere Kutafuta Stesheni ya Kulehemu

Tangu nirudi, kila anayepita dukani ana swali lile lile: Karimi, kwani ilikuwaje? Nimeeleza mpaka mdomo umechoka, na kila nikifika katikati kuna mtu ananikatiza kuuliza bei. Kwa hivyo nimeandika. Someni wenyewe, mniache nifanye kazi. Mambo ya bei na risiti hayamo humu, na anayeyataka aje na soda.

Kwa wale msionijua vizuri, mimi ni fundi wa simu na redio hapa Muthara, na ninaishi na mama yangu. Masikio ya mama yalianza kufa miaka mingi iliyopita. Kuna wageni waliokuja kanisani wakampima, wakampa vifaa viwili vya kusikia, akavaa, akalia mbele ya watu wote. Cha sikio la kulia kina alama nyekundu, cha kushoto kina alama ya buluu, na nyumbani tunaviita hivyo tu, chekundu na cha buluu. Wale wageni hawajarudi tena. Sijui mahali pa kupata vingine, na nimeuliza kila mtu ninayemjua.

Mwezi uliopita chekundu kilianza kukatakata sauti. Nikakifungua. Ndani kuna kibao kidogo kama ukucha, na waya mwembamba kuliko unywele. Nikachukua chuma changu cha kulehemu cha siku zote, kile cha kuchomeka ukutani, ambacho kwa redio hakina neno. Niligusa mara moja tu. Kifaa kikazima na hakikuwaka tena. Mama alipouliza, nikamwambia kimekufa kwa uzee. Nilimdanganya mama yangu nikimwangalia machoni, na tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakishuki vizuri.

Wiki mbili baadaye, cha buluu kikaanza ugonjwa ule ule. Kikikatika, mama ananyamaza na kutabasamu, maana hajui watu wanasema nini. Niliapa kwamba chuma kile cha zamani hakitakigusa. Nilihitaji stesheni, kile kisanduku kinachopima joto, chenye kalamu ya moto na ncha ndogo kama sindano. Nilikuwa na uwezo wa kununua moja tu. Nikikosea kuchagua, mama hatasikia tena.

Muthara hadi Nkubu

Nilipanga kubeba chekundu peke yake, kwa sababu tayari kimekufa na naweza kukijaribia mashine. Mama ndiye aliyekataa. Asubuhi ya kuondoka alitoa cha buluu sikioni, akakiweka mkononi mwangu, akasema, "Utapimaje dawa kama mgonjwa umemwacha nyumbani? Nenda nacho."

Nikamwambia sitaki. Lakini alikuwa ameshakitoa, kwa hivyo hakunisikia. Alinifungia viazi vitamu na ndizi za kuchemsha, akanisukuma mlangoni kama mtoto wa shule. Nilimwomba jirani yetu, Mama Kendi, amwangalie, maana simu kwa mama haina maana tena. Vifaa vyote viwili nikaviweka ndani ya kijikopo cha dawa, kijikopo nikakitia mfuko wa ndani wa sweta, upande wa moyo. Kabla hata sijafika stendi nilikuwa nimekigusa mara kumi.

Nkubu ilikuwa siku ya soko. Duka nililoelekezwa lilikuwa na mzee mmoja nyuma ya kioo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia ninataka stesheni ya kazi ndogo ndogo. Akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mwambie bwana yako akuje mwenyewe. Hii kitu si ya kununuliwa na mtu wa kutumwa."

"Fundi ni mimi, mzee wangu."

"Wewe?"

"Mimi. Na bwana sina, kwa hivyo tukimngoja tutakaa sana."

Akacheka, akaomba radhi, akanitolea kiti. Alikuwa na stesheni moja yenye namba kubwa za kijani usoni, inapendeza macho. Soketi yake ilikuwa mbali, lakini mimi hutembea na kebo yangu ya kuongeza, kwa hivyo tukachomeka. Namba zikapanda upesi hadi mia tatu hamsini. Nikatoa chekundu, nikaweka ncha kwenye tone moja la risasi ya kulehemu lililoshikilia waya. Halikuyeyuka. Nikangoja. Namba bado zinasema mia tatu hamsini, risasi iko vile vile kama jiwe. Nikabonyeza kidogo, na kipande cha shaba kilicho chini ya waya kikaanza kubanduka kutoka kwenye kibao.

Hapo nikaelewa kwamba namba zinaonyesha joto la ndani ya kisanduku, si la ncha. Ingekuwa cha buluu, ningekuwa nimekiharibu pale pale mbele ya mzee wa watu. Nikamshukuru, nikarudisha chekundu kwenye kijikopo, nikatoka.

Nkubu hadi Embu

Sokoni nilipata lifti ya kanta, lori dogo lililokuwa linarudisha kreti tupu Embu. Dereva alikuwa Mzee Salim, Mwislamu wa Maua, amesafirisha mizigo barabara ile tangu kabla mimi sijaanza shule. Ni mtu wa hadithi. Alinieleza kuhusu binti zake, kuhusu tezi la ng'ombe wake, kuhusu kona za zamani kabla barabara haijatengenezwa. Mimi nilikuwa nasema "ehe" tu, na mkono wangu uko kifuani, kwenye kijikopo. Kila shimo nabonyeza. Kila breki nabonyeza.

Tukapita mto mmoja, nikaona amepunguza mwendo. Tukapita mwingine, akaenda polepole zaidi, mpaka punda wa mkokoteni akatupita. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba duka la Embu litafungwa.

"Mzee, kuna shida na gari?"

"Gari liko sawa, mwanangu. Wewe usiongee. Vuta pumzi pole pole."

Sikuelewa. Tulipofika Chuka akaacha barabara kuu, akasimama mbele ya zahanati, akazunguka akanifungulia mlango, akaita muuguzi. Nikasikia anamwambia, "Huyu binti moyo unamsumbua tangu Nkubu. Ameshikilia kifua njia nzima na hataki kusema."

Kabla sijaeleza, nilikuwa nimekalishwa na mkono umefungwa kile kitambaa cha kupimia presha. Nikasema mimi si mgonjwa, ni kijikopo. Muuguzi akauliza kijikopo cha dawa gani. Nikakifungua kumwonyesha, na Mzee Salim akainama kuangalia, na nikasema kwa sauti isiyo ya heshima kabisa kwamba asipumulie. Presha yangu ilikuwa juu kweli. Muuguzi aliandika kwenye karatasi kwamba nipumzike. Karatasi hiyo ninayo hata sasa.

Tulipoteza karibu saa nzima. Mzee alikuwa na aibu na mimi nilikuwa na aibu zaidi, kwa hivyo akaninunulia chapati na maharagwe ya madondo, tukala, halafu nikamweleza yote kuhusu mama. Nilimweleza hata ule uongo. Sijui kwa nini, labda kwa sababu sikumjua. Akafuta mchuzi sahanini na kipande cha chapati, akasema, "Mwambie."

"Nimwambieje na hasikii?"

"Basi tengeneza kwanza. Halafu umwambie."

Kutoka hapo aliendesha mbio kiasi kwamba nilishika kifua kwa sababu ya haki.

Embu mjini

Duka la Embu lilikuwa bado wazi. Muuzaji anaitwa Njeru, kijana wa mdomo mwepesi na mikono mizuri ya kazi, hiyo sitamnyima. Alinionyesha stesheni mbili. Ya kwanza ni kubwa, ina kalamu ya moto na bomba la kupuliza hewa moto pamoja. Mnanijua ninavyopenda vitu vikubwa. Niliitamani kweli. Lakini alipopuliza ile hewa kwenye kibao cha simu mbovu, vipande viwili vidogo viliruka vikapotelea sakafuni, na nikaona mara moja kibao cha mama kikiruka vivyo hivyo.

Ya pili ilikuwa ndogo kama pakiti ya maziwa. Ncha zake ni nyembamba, na moto unazaliwa ndani ya ncha yenyewe, kwa hivyo ukiishika inawaka kabla hujamaliza kusema jina lako. Tena ana ncha za akiba za aina hiyo, ambazo mzee wa Nkubu hakuwa nazo. Nikaweka kijikopo mezani nikageuka kuchomeka kebo yangu. Nilipogeuka tena, Njeru alikuwa ameshika kifaa kwa koleo na kalamu ya moto iko sentimita moja kutoka kwenye kibao. Nikaona alama. Ilikuwa ya buluu.

Nilimpiga mkono. Sikufikiri, nilipiga tu. Kalamu ikaanguka mezani, kifaa kikaangukia kitambaa. Watu wa duka zima wakageuka.

"Kwani nimefanya nini?"

"Hicho ndicho kizima. Hayo ndiyo masikio ya mama yangu."

Akarudi nyuma hatua moja. Akanipa kiti. Tukajaribu kwenye chekundu, na risasi ikayeyuka kwa mguso mmoja, safi, bila kubanduka kitu. Nilikuwa karibu kulipa. Halafu nikakumbuka jinsi chekundu kilivyokufa: hakikuungua, kilizima tu, ghafla. Nilikuwa nimesoma kwamba ncha ikivuja umeme inaweza kuua vitu vidogo hivyo.

"Ninajuaje hii haivuji umeme?"

"Ni mpya, itavuja aje?"

"Hilo si jibu, Njeru."

Akakuna kichwa. Akasema ukweli, hajui kupima. Lakini aliyemfundisha kazi anajua, mwalimu wa chuo cha ufundi aliyestaafu akarudi kwao Kiambere. Akampigia simu hapo hapo, akaeleza. Sauti ya mwanamke ikatoka, kavu kama mahindi ya ghala: "Usimuuzie bado. Mpe aje nayo. Na aje na kila kitu anachotumia kazini."

Nilimwachia Njeru kitambulisho changu, akanipa mashine. Usiku huo nililala nyumba ya wageni na vitu vitatu kitandani: mashine, chekundu na cha buluu.

Embu hadi Kiambere

Ukiteremka kuelekea Mbeere baridi yetu inakwisha. Nilivua sweta, halafu nikakumbuka mfuko, nikaivaa tena. Kutoka Kiritiri nilichukua bodaboda, nikiwa nimekumbatia mashine, na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Pande zote ni mtama, ndengu na mbuzi. Hapo ndipo ujumbe wa Mama Kendi ukaingia: "Mama yako simuoni. Mlango uko wazi. Naendelea kumtafuta."

Nikapiga simu, haishiki. Mtandao ulikuwa umepotea. Nilimwambia mtu wa boda ageuze, kisha nikamwambia aendelee, kisha ageuze. Akasimama, akazima pikipiki, akasema kwa upole niamue, maana mafuta si maji. Kutoka pale hadi nyumbani ni siku nzima. Nikamwambia aendelee, na nililia mpaka tukafika, sioni haya kuandika.

Mwalimu Ciarunji alikuwa ananingojea kwenye kivuli cha ukuta, mwanamke mrefu wa miaka sabini hivi. Hakunisalimu kwanza, alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye jiwe moja ambapo simu inashika. Ujumbe wa pili ulikuwa umengoja: "Nimempata. Amekaa barabarani kwa kituo, anakungoja wewe. Amekataa kurudi. Nimempelekea chai."

"Amekuzaa wewe peke yako?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kula kwanza."

Nikala ugali wa mtama na ndengu, na kwa mara ya kwanza tangu nyumbani chakula kilishuka. Baadaye akafungua chumba chake cha kazi. Nikadhani atachukua koleo na kunitengenezea. Akanionyesha mikono. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili. "Hii imestaafu," akasema. "Utafanya wewe. Chomeka mashine kama unavyochomeka kwenu."

Nikatoa kebo yangu, nikachomeka kama siku zote. Akachukua mita, waya mmoja kwenye ncha ya kalamu, mwingine kwenye bomba la maji. Mita ikasoma volti tisini. Nikaanza kumtukana Njeru, kwamba amenipa ugonjwa, kwamba nitarudi nimfunge. Mwalimu aliniacha nimalize. Kisha akachomoa kebo yangu, akachomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi yake ya ukutani. Mita ikasoma sifuri na kitu.

"Pini ya tatu ya kebo yako iko wapi?"

"Tulivunja."

"Nyinyi nani?"

"Sote. Muthara nzima."

Na ni kweli, mnajua wenyewe. Vibanda vyetu vina soketi ambazo tundu la juu limezibwa na rangi na vumbi, kwa hivyo plagi mpya ikija tunavunja pini ya tatu kwa koleo siku ya kwanza, kama mtu anavyokata lebo ya nguo, na tunachokoa tundu kwa kifuniko cha kalamu ya kuandikia. Nimevunja nyingi. Nimewavunjia hata baadhi yenu, na mkanishukuru. Mwalimu alinieleza kwamba pini hiyo ndiyo inayoteremsha umeme unaovuja mpaka chini kwenye udongo. Ikikosekana, unapitia kwenye ncha, unaingia kwenye kitu unacholehemu.

Nilikaa chini. Ningenunua stesheni nzuri kuliko zote Kenya, ningeipeleka nyumbani, ningeichomeka kwa kebo ile, na ningeua cha buluu kwa mguso wa kwanza, na nisingejua ni kwa nini.

"Mashine umechagua vizuri," Mwalimu akasema. "Sasa leta kile kilichokufa."

Akanifanya nitoe waya ule wa unywele na kuurudisha. Nikimaliza, anaangalia kwa kioo cha kukuza, anasema, "Tena." Mpaka jua likapungua makali. "Tena." Nilihesabu hadi ishirini na sita nikaacha. Nilipomwomba tufanye cha buluu pale pale kwake, kwenye soketi nzuri, akakataa.

"Ukifanya hapa utaniamini mimi. Nenda ukafanye kwako, ndiyo ujue duka lako limepona."

Nilimkasirikia kwa hilo, na nilimwambia. Akasema amezoea.

Kurudi

Asubuhi nilipita Embu, nikamlipa Njeru, nikachukua kitambulisho. Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Mama alikuwa amekaa tena kituoni Muthara, kwenye kiti ambacho Mama Kendi alimletea, na shali kichwani. Alinishika mikono akaniangalia usoni kutafuta habari, nikamwonyesha kwa vidole: bado, kidogo. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba amengoja mabaya kuliko hayo.

Kesho yake sikufungua duka, na wengi wenu mlilalamika. Sasa mnajua. Nilimwita fundi wa stima aliye na leseni, akapigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya duka, akavuta waya, akabadilisha soketi zote. Nikanunua plagi mpya yenye pini tatu. Nikapima mwenyewe: sifuri na kitu. Nikapima tena. Nilipima mara nyingi mpaka fundi akaniuliza kama simwamini.

Mama alikaa mbele yangu, upande wa pili wa meza. Nikafungua cha buluu, nikatoa betri, nikaweka chini ya kioo. Waya ulikuwa umeachia, unagusa na kuachia, kama nilivyodhani. Nikashika kalamu. Nikairudisha mahali pake. Nikashika tena, nikasema kwa sauti, "Tena," na nikagusa.

Nikafunga. Nikarudisha betri. Kifaa hiki ukikifumbata kiganjani kikiwa kizima, kinapiga mluzi mwembamba. Nikafumbata. Kimya. Halafu nikakumbuka kwamba mlango wa betri haujafungwa, nikaubonyeza, na mluzi ukatoka.

Nikakiweka mwenyewe kwenye sikio la mama. Nikangoja nione kama kitakatika. Nje kuna mtu alipita anauza ndizi, na mama akageuza kichwa kumfuata. Sikungoja apate nafasi ya kufurahi. Nilijua nikichelewa sitasema kamwe.

"Mama, nilikudanganya. Chekundu hakikufa kwa uzee. Ni mimi niliyekiua."

"Najua," akasema. "Siku ile nilikuwa nyuma yako nachambua maharagwe, na hiki kilikuwa sikioni. Nilikusikia ukisema, nimekiua, nimekiua. Ulisema mara mbili."

"Na bado ukanipa cha pili?" Nilikuwa napayuka. Zile siku zote za kumwonyesha kwa vidole zilinitoka mdomoni kwa mpigo mmoja.

"Usipige kelele, Karimi, nasikia," mama akasema. "Kwani ningempa nani?"